Kabla hujanunua Carina Ti kuukuu, uliza themostati iko wapi

Watazamaji wangu, habari za leo, na wale mliojiunga nasi karibuni, karibuni sana. Gari mnaloliona nyuma yangu ni Toyota Carina Ti, toleo lililotengenezwa kuanzia mwaka 1996 hadi 2001, na hapa Tabora, ukijua kupatana bei na dalali akiwa na shida ya pesa, unaondoka nalo kwa shilingi milioni 4 na nusu. Sitawasomea urefu wake wala ukubwa wa injini ya 5A, kwa sababu kila aliyewahi kupanda teksi katika nchi hii anavijua. Kwa mtu mwenye kipato cha kawaida anayetaka kujifunza kulihudumia gari lake mwenyewe, mimi sioni linaloshindana nalo: ukifungua boneti mkono unapita, boliti unaziona, na spea isiyopatikana mjini huletwa kwa basi kutoka Gerezani, Dar es Salaam.

Lakini kuna jambo linanikera mno katika magari haya, nalo si kosa la waliolitengeneza. Ni mtindo wa kutoa themostati, yaani vali inayozuia maji yasizunguke kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Gari likianza kuchemsha, fundi anaing'oa, anaiunganisha feni moja kwa moja na swichi ili izunguke muda wote, anajaza maji ya bomba, na anapokea pesa yake. Kwa muda fulani gari linaacha kweli kuchemsha, mwenye gari anashukuru, na rejeta iliyoziba, ambayo ndiyo ugonjwa wenyewe, inabaki ilivyokuwa. Gari hili nimelinunua likiwa katika hali hiyo hiyo, na nilimwonyesha muuzaji hadharani, akapunguza shilingi 300,000 bila mabishano.

Sasa mpiga picha wangu, sogea karibu na jiko. Kwenye sufuria hii nimeweka themostati mpya niliyoinunua shilingi 25,000, na nimeining'iniza kwa uzi ili isiguse kitako, kwa sababu kitako cha sufuria kina joto kuliko maji na kingetudanganya. Kipimajoto kinasoma nyuzi 70, na vali imefumba kabisa. Sasa ni 78, bado imefumba. Tazameni pembeni ya kile kisahani cha vali: tumefika 82, na mwanya mwembamba umejitokeza, mwembamba kiasi kwamba ukipepesa macho utaukosa. Tusubiri kidogo, mkaa wenyewe leo una unyevu. Haya, tunakaribia 95, na vali imejisukuma chini zaidi ya milimita 8, jinsi inavyotakiwa. Ingekuwa mbovu, ama ingebaki imefumba mpaka maji yachemke, ama ingekuwa wazi tangu maji yakiwa baridi. Jaribio hili halihitaji mashine yoyote, na hata themostati mpya ninawashauri muipime kabla ya kuifunga, kwa kuwa spea za bandia zimejaa madukani.

Angalieni tena kipimajoto: maji yanatokota, nacho kinasoma 96 tu. Hakijaharibika. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka mapema. Hapa ndipo mfuniko wa rejeta, huu ulioandikwa 0.9, unapoonyesha thamani yake, kwa sababu huyabana maji kwa shinikizo na kuyafanya yasichemke mpaka yakaribie nyuzi 116. Mpira wake ukipasuka, rejeta inageuka kuwa sufuria iliyo wazi kama hii, maji yanachemka kwenye 96, yanafurika kwenye tanki la akiba, na watu wanaanza kuilaumu injini isiyo na hatia. Mfuniko mpya ni bei ndogo, wakati silinda hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, ambayo ni ya aluminiamu, ikishapinda kwa joto utahitaji kuipeleka ikachongwe, ununue gasketi mpya, na ulipe ufundi.

Turudi kwenye gari. Unapokwenda kulikagua, mwambie mwenyewe mapema asiliwashe kabla hujafika, kwa maana gari lililokwisha kupashwa moto huficha mambo mengi. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi, na ninasisitiza baridi, kwa sababu maji yenye shinikizo yanaweza kukuunguza uso mzima. Hapa kwetu nimechovya kidole na kimetoka na tope la kutu, rangi ya udongo mwekundu. Halafu fungua mfuniko wa oili, na ukikuta utando unaofanana na chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili. Aga kwa adabu uondoke.

Sasa ninawasha injini na ninashika paipu la chini la rejeta, nikiweka mkono mbali na feni na mikanda. Katika injini hii themostati hukaa upande wa paipu la chini, kwa hiyo, kama ipo na ni nzima, paipu hili linapaswa kubaki baridi mpaka mshale wa joto ukaribie katikati, ndipo lipate moto kwa ghafla. Kwenye gari letu mshale haujafika hata robo na tayari ninahisi uvuguvugu mkononi. Maji yanazunguka bila kizuizi tangu mwanzo, na hapo jibu limepatikana. Jaribu pia kiyoyozi: feni iliyounganishwa ilivyotakiwa hukaa kimya injini ikiwa baridi, na huanza kuzunguka ukiwasha kiyoyozi, wakati hii yetu inavuma tangu ufunguo ulipogeuzwa.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi yetu ni ya joto na hatuhitaji themostati. Ninaheshimu umri na uzoefu wa mafundi wanaosema hivyo, lakini kompyuta ya gari haijui kama iko Tabora au Sapporo, kule Japani kwenye baridi kali. Inasoma joto la maji tu. Ukisafiri bila themostati kwenda Nzega asubuhi ya mwezi wa Juni, upepo unaipoza injini kupita kiasi, kompyuta inadhani bado haijapata moto, nayo inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Unalipia hitilafu hiyo kila unapojaza mafuta, na injini yenyewe inalika mapema kwa kufanya kazi ikiwa baridi.

Kuhusu maji, hata haya ya Ziwa Victoria tunayoyafurahia mabombani yana madini, na bloku ya 5A ni ya chuma cha kawaida, yaani chuma kinachoota kutu. Tumia kulanti, yaani dawa ya rejeta inayozuia kutu, nusu na maji yaliyoondolewa madini nusu. Ukinunua yale yanayouzwa kama maji ya betri, hakikisha si asidi.

Wengi mmeniuliza kwa nini nisiagize gari kutoka Japani. Gari lililozidi miaka 10 hutozwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 juu ya kodi nyingine, kwa hiyo Ti ya bei hii ni ile iliyokwisha kuingia nchini zamani, yenye namba za usajili za mfululizo wa A, B au C. Kabla ya kulipa, linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha muuzaji, angalia kama kuna faini za barabarani zisizolipwa, na ubadili umiliki TRA bila kungoja.

Toyota IST nayo inatajwa sana. Ina mnyororo wa taimingi, wakati 5A ina mkanda unaotakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa kilomita za kwenye dashibodi hazina wa kuziamini, ubadilishe mara tu unaponunua. Hapo IST imeshinda, ninakubali, ingawa bei yake ingekununulia Ti na kukuachia pesa ya matengenezo ya kutosha. Nilisema mwanzoni kwamba sioni linaloshindana na Ti, lakini anayeishi vijijini Uyui na kubeba tumbaku au mahindi afikirie Toyota Probox, kwa maana Ti iko chini na masika itagusa matuta kila siku.

Video ijayo itahusu bushi na boljointi, na safari hii nitatumia maikrofoni mpya ili feni isimeze sauti yangu. Andikeni hapo chini themostati mnauziwa kiasi gani huko mliko. Mimi sasa ninasafisha rejeta, kisha ninaifunga themostati hii, huku kipini hiki kidogo kinachocheza kikielekea juu ili hewa ipate pa kutokea.