Programu ya NIOSH ya kupima kelele: imewafaa wanafunzi wangu watafiti

Mwanafunzi anayeingia kwenye mashindano ya utafiti, kama yale ya Young Scientists Tanzania yaliyoanzishwa mwaka 2011, akichagua mada ya majeraha kazini huvutwa kwanza na jeraha linaloonekana, kwa mfano kidole kilichokatwa na msumeno. Wanafunzi wawili niliowasimamia walichagua uziwi wa mafundi seremala, jeraha lisilotoa damu na lisilopona, ambalo fundi mwenyewe hulitambua pale watu wa nyumbani wanapoanza kulalamika kwamba haitikii akiitwa. Kwa mada hiyo simulizi za mafundi pekee zisingetosha, walihitaji kipimo.

Tulitumia NIOSH Sound Level Meter, programu ya simu iliyotolewa mwaka 2017 na NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza usalama na afya kazini. Hupakuliwa bure, haina matangazo, na katika maabara ya taasisi hiyo usahihi wake ulipatikana kuwa ndani ya desibeli 2 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kuzidi au kupungua. Tulipoingia karakanani na randa ya umeme ikawashwa, namba ilivuka desibeli 85 kabla fundi hajapitisha ubao wa kwanza.

Thamani yake kubwa, kwa maoni yangu, si namba hiyo inayorukaruka kwenye skrini, kwa kuwa programu nyingi za bure huonyesha namba ya namna hiyo. Hii hukokotoa pia wastani wa kelele kwa muda wote wa kupima, pamoja na dozi, yaani asilimia ya kelele ambayo sikio limekwisha kupokea kati ya ile inayokubalika kwa siku nzima. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila kelele inapoongezeka kwa desibeli 3 muda hupungua kwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ikifika 100 zimebaki dakika 15 tu. Mwanafunzi aliyeielewa hesabu hii anaweza kumweleza jaji kwa nini tofauti ya desibeli 3, inayoonekana ndogo kwenye karatasi, ni kubwa mno kwa fundi anayeshinda karakanani tangu asubuhi hadi jioni.

Kasoro yake ni nzito kwa shule zetu: imetengenezwa kwa ajili ya iPhone na vifaa vingine vya Apple peke yake, kwa sababu simu za Android zina maikrofoni za aina nyingi mno kiasi kwamba usahihi usingeweza kuhakikishwa. Sababu hiyo naikubali kitaalamu, lakini haimsaidii mwanafunzi ambaye simu pekee nyumbani kwao ni ya Android, na sisi tulilazimika kuazima. Aidha, programu haiwezi kusahihisha makosa ya anayeitumia. Siku ya kwanza tulipima simu ikiwa ndani ya kava lililofunika tundu la maikrofoni, kazi yote ikarudiwa. Siku ya pili waliishika simu karibu na sikio la fundi, upande wa kelele, bila kuziba maikrofoni kwa vidole, na wakaandika kwenye daftari muda, mashine iliyokuwa ikifanya kazi na umbali wake.

Kwa utafiti wa shule naipendekeza bila kusita, mradi ripoti iseme wazi kwamba kilichotumika ni simu, si kipimo rasmi cha mkaguzi. Anayehitaji usahihi zaidi anaweza kuchomeka maikrofoni ya nje inayoweza kusawazishwa, yaani kurekebishwa ilingane na kipimo sanifu, ingawa hapo gharama huanza.

Tulipomwonyesha fundi mkuu dozi ya nusu siku, aliitazama kwa muda, kisha akatuomba turudi kesho yake kuupima msumeno wa mviringo randa ikiwa imezimwa, ajue ni mashine ipi aanze kuihamishia nje.