Maelezo kabla ya kuruka kwa kundi, yaani ndege kadhaa zikiruka karibukaribu: marubani na abiria pamoja, au kila upande peke yake?

Ukiwaweka wote chumba kimoja, faida ni moja ila kubwa: abiria anasikia mwenyewe kwamba ndege kukaribiana hivyo kumepangwa, hivyo hashtuki na kupiga kelele kwenye intakomu wakati rubani anasikiliza amri ya kiongozi, yaani rubani wa ndege inayofuatwa na nyingine. Ubaya wake, marubani hufupisha. Mbele ya wageni hakuna anayependa kuchambua namna ndege zinavyogongana, na sehemu ya dharura ndiyo inayokatwa.

Kuwatenganisha kunatoa nafasi ya mambo magumu: masafa ya redio, mwendo wa kujiunga na kundi, nani anakaa upande gani, ishara za mkono redio ikifa. La kukazia zaidi ni kumpoteza kiongozi machoni. Aliyempoteza anasema papo hapo redioni, anageuka kwenda mbali na pale alipomwona mara ya mwisho, na harudi mpaka aitwe huku kila ndege ikiwa kwenye kimo chake. Kisha tembeeni uwanjani kwa miguu, kwa mpangilio uleule wa angani, kila mmoja akitamka maneno yake. Asiyeelewa hujulikana hapo hapo.

Abiria dakika chache zinawatosha, tena kando ya ndege: mkanda, mlango, mfuko wa kutapikia. Simu na kamera zifungwe kamba, maana kikidondoka kitu chini ya pedali, usukani wa mkia unaweza kukwama. (Wa kulipa nauli ni habari nyingine: Marekani kanuni inakataza kuwabeba katika kundi.)

Sisi tungetenganisha, kisha abiria waitwe dakika tano za mwisho wamsikie kiongozi.