Filta ya sumaku kwenye stelingi ya Canter: uzoefu wangu wa mwaka mmoja

Jumapili iliyopita nilikata filta ya tatu kwa msumeno wa chuma nikamimina kilichomo kwenye sahani nyeupe ya bati. Oili ilitoka nyekundu, unaona mpaka chini ya sahani. Kwenye sumaku kulikuwa na utando mwembamba wa kijivu, nikaufuta kwa kidole kimoja ukaisha. Filta ya kwanza, mwaka mmoja nyuma, ilitoka na tope jeusi zito kama grisi iliyochanganywa na unga wa chuma. Nilifurahi sana. Kwa sababu ya furaha hiyo naandika, maana najua wenye Canter wengi wanabadili pampu za stelingi kila baada ya miezi michache bila kujua zinauawa na nini.

Gari langu ni Canter ya injini ya 4D33, lita 4.2. Linabeba nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kwenda Dar es Salaam, na msimu wa viazi tunapanda hadi Njombe. Anayeijua njia hiyo anaijua Kitonga. Pale usukani unazungushwa kulia na kushoto bila kupumzika, mbele yako kuna semi imekata pumzi, upande mmoja ukuta wa mlima na upande mwingine bonde. Si mahali pa kuwa na usukani mzito.

Pampu yangu ya kwanza ilianza kulia asubuhi tu, nikikata kona ya kutoka uani. Baadaye ikawa inalia muda wote, na usukani unakuwa mzito gari likisimama. Nikafunga pampu ya mtumba, nikaongeza oili, nikaondoka. Ilidumu miezi minne. Nikafunga nyingine, hiyo haikufika hata miezi mitatu. Nikaanza kulaumu spea, kwamba mitumba siku hizi imechoka.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi, mtu wa Iringa, ambaye gereji yake ni mti na kontena. Nilimpa shikamoo, nikamweleza. Hakugusa pampu kwanza. Alifungua kopo la oili ya stelingi, akachovya kidole, akakipaka kwenye kiganja changu na kunigeuzia juani. Oili nyeusi, na ndani yake vimetameta vidogo. Akaniambia, "Mwanangu, pampu umebadilisha mara mbili, uchafu ni ule ule wa pampu ya kwanza."

Ndivyo ilivyo, na nikieleza mzunguko wa oili utaona mwenyewe. Pampu inavuta oili kwenye kopo, inaisukuma kwa nguvu kubwa hadi kwenye boksi la stelingi, na boksi likishamaliza kazi linairudisha kwenye kopo kwa mpira wa kurudishia. Ndani ya pampu kuna vibamba vya chuma vinavyosugua ukuta wake kila inapozunguka. Pampu inayokufa inajisaga yenyewe, na unga wake haupotei. Unakaa kwenye boksi, kwenye mipira, chini ya kopo. Ukifunga pampu mpya bila kusafisha, lita ya kwanza inayoivuta ni sumu. Kwenye kopo langu kulikuwa na wavu, ndiyo, lakini wavu ule unazuia kipande cha sili au mchanga. Unga wa chuma unapita kama maji kwenye neti.

Mzee ndiye aliyenitajia filta ya kufunga kwenye mpira. Nilimpigia mdogo wangu aliye Marekani, akanitumia tatu za chapa ya Magnefine. Huko watu wenye pikapu za dizeli wanazifunga kwenye stelingi, na pia kwenye mpira wa kupoza oili ya gia za otomatiki. Ni kitu kidogo, kinakaa kiganjani. Ndani kuna sumaku na kichujio chenyewe, na kuna vali ambayo kichujio kikiziba inafunguka oili ipite, usukani usikunyime msaada njiani. Vali hiyo kwangu ndiyo sababu kubwa ya kuinunua. Kabla ya hapo fundi mwingine alitaka kunifungia filta ya petroli, ile ya plastiki inayoonyesha ndani. Tafadhali msikubali. Haikutengenezwa kwa oili ya moto, haina vali, na ikipasuka njiani oili yote iko barabarani na wewe uko kwenye mteremko na tani tatu za nyanya mgongoni.

Pima tundu la mpira wako kabla ya kuagiza, kwa sababu filta hizi zina saizi tofauti na gari lako linaweza lisilingane na la jirani yako. Mimi nilivua mpira wa kurudishia nikaupima kwa kalipa, ndipo nikamtumia mdogo wangu kipimo. Mpira wenyewe ulikuwa umekakamaa, nikanunua mpya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, wa oili, siyo wa maji. Klipu za kukaza nilizonunua siku hiyo hiyo zilikuwa nyembamba, meno yake yakang'ata mpira ndani ya wiki mbili na oili ikaanza kutoa jasho. Nikanunua nzito zaidi, zenye ukingo uliolala, tangu hapo pamekauka.

Kufunga hakukuchukua saa moja. Kusafisha ndiko kulikokula mchana mzima. Tuliinua ekseli ya mbele kwa jeki tukaweka stendi, matairi yakazunguka hewani. Tukavua mpira wa kurudishia kwenye kopo, tundu la kopo tukaliziba, mpira tukauelekeza kwenye dumu. Kopo lenyewe lilivuliwa likaoshwa. Kisha utingo wangu akawa anazungusha usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho, injini imezimwa, mimi namimina ATF mpya, ile oili nyekundu ya gia za otomatiki inayotumika pia kwenye stelingi, kila inaposhuka. Ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Tulimaliza lita nne kabla haijatoka nyekundu safi. Mtu atasema ni hasara. Lita nne za ATF ukilinganisha na pampu mbili nilizozika ni pesa ndogo mno.

Hapo ndipo tukafunga pampu ya nne, kisha filta kwenye mpira wa kurudishia. Ina mshale, mshale uelekee kwenye kopo. Kwenye mpira wa kutoka kwenye pampu usithubutu kuifunga, nguvu ya pale inapita bar 70, itaipasua. Na kati ya kopo na pampu pia usiifunge, kwa sababu pampu itakosa oili ya kuvuta, itavuta povu, italia na itakufa. Ni upande wa kurudi tu. Tukaifunga kwenye chesisi kwa kamba za plastiki, mbali na bomba la moshi, isichezecheze.

Kutoa hewa kunahitaji subira. Zungusha usukani mara kumi au zaidi injini ikiwa imezimwa, jaza kopo, ndipo uwashe. Ukiona povu, zima, subiri litulie, rudia. Na usiushikilie usukani kwenye mwisho wa kona sekunde nyingi. Hapo oili inachemka na pampu inaumia, ukiwa na filta au huna.

Matokeo? Filta ya kwanza niliitoa baada ya kilomita 1,500 tu, kwa ushauri wa mzee, na ndiyo ile ya tope jeusi. Hebu fikiria: tulikuwa tumesafisha mpaka oili ikatoka nyekundu, na bado boksi lilikuwa limeficha kiasi kile. Kila punje ya tope lile ingepita kwenye pampu mpya. Ya pili ilikaa kilomita kama 20,000, ikatoka na uchafu kiasi. Ya tatu nimekwisha kuieleza. Pampu haijalia hata siku moja. Nilikuwa na wasiwasi na baridi ya Njombe, asubuhi za Juni na Julai ambapo oili ni nzito, nikadhani filta itaubana mzunguko na usukani utakuwa mgumu. Nimewasha gari alfajiri nyingi huko, sijaona tofauti yoyote.

Kuna mambo ambayo haifanyi, na mwenye kununua ayajue. Pampu iliyokwisha kuchakaa haitapona kwa filta. Sili ya boksi inayovuja itaendelea kuvuja. Sumaku inakamata chuma tu. Alumini na mpira wa sili vinategemea kichujio. Na kwa kuwa iko upande wa kurudi, uchafu wa pampu unapita kwenye boksi kwanza ndipo unaswe, kwa hiyo pampu ikianza kulia usiseme nina filta, nitafika tu. Simama uitazame.

Kasoro yake kubwa kwetu ni upatikanaji. Nimezunguka maduka ya spea Kariakoo, wengi wananionyesha filta za dizeli. Mimi nategemea mdogo wangu, na nauli ya mzigo inakaribia bei ya filta yenyewe. Nimeagiza nyingine nne, mbili za kwangu na mbili za mzee wa Iringa, ambaye ana wateja wawili wa Canter wanaolia kama nilivyolia mimi. Nitampelekea nikipanda wiki ijayo, pamoja na ile filta ya kwanza niliyoipasua. Ameniomba awe nayo pale gerejini, ili mteja akibisha amwonyeshe.