Kuwasha kompyuta kwa flashi: ipi ununue, ipi uiache

Wengi wakifika dukani huuliza swali moja tu: flashi hii ina GB ngapi? Kwa kuhifadhi nyimbo na picha, swali hilo linatosha. Kwa kuwashia kompyuta, kasi ndiyo ya kuulizia kwanza. Mfumo endeshi (Windows, Linux na kadhalika) ukiwa kwenye flashi unasoma na kuandika vifaili vidogo vidogo bila kupumzika, na hapo ndipo flashi nyingi zinapokwama. Unafungua kivinjari, kipanya kinaganda, ukiigusa flashi yenyewe inachoma vidole.

Kwa hiyo kama unataka kubeba Linux yako mfukoni na kuitumia kila siku, namba moja ni SSD ya nje, yaani diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka. Samsung T7, kwa mfano, imetangazwa kusoma hadi MB 1,050 kwa sekunde. Bei ikikushinda, tafuta kava la USB 3 na utie ndani SSD ya inchi 2.5 iliyotolewa kwenye laptop ya zamani. Kwa mwenye bajeti ndogo naipendelea njia hii kuliko zote: SSD iliyotumika, ikiwa bado nzima, inaiacha mbali flashi mpya ya kawaida. GB 128 zinatosha kabisa.

Namba mbili ni flashi ya USB 3 ya GB 32, ya kampuni inayojulikana kama Kingston au SanDisk. Hii ni ya kupigia Windows, au kuionja Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, kabla ya kuiweka kwenye mashine. Programu ya Microsoft ya kuandaa flashi ya Windows inataka angalau GB 8, lakini ukiwa na 32 unaweka Ventoy, programu ya kuchagua mfumo wa kuwashia, na kubeba mafaili kadhaa ya ISO (faili moja lenye mfumo mzima) kwa pamoja. Fundi asikose hii. Ya USB 2 nayo inafanya kazi, ila utasubiri sana.

Diski ya nje ya kuzunguka naiweka ya tatu. Ibaki kwenye bakaapu. Kwa mfumo endeshi ni nzito, na ikidondoka huku inazunguka, data iko hatarini.

Ile flashi ya “TB 2” kwa bei ya sahani ya pilau, iache hapo hapo. Imechezewa ili kompyuta isome TB 2 wakati ndani mna GB chache. Zikijaa, mafaili yanaharibika bila onyo lolote. Hata ukinunua flashi ya jina kubwa, ipime ujazo wake kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux siku hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anakubali kukubadilishia.

Na kabla hujalipa, ijue mashine yako. Dell na Lenovo nyingi hufungua orodha ya kuchagua cha kuwashia kwa kitufe cha F12 mashine inapowaka, HP kwa F9. Mac zenye chipu ya M1 na zilizofuata haziwashi Windows wala Ubuntu ya kawaida kutoka kwenye flashi, hata ununue ya bei gani.