Kupiga kromu mabampa ya Peugeot 404 hapa Dar: uzoefu wangu

Nianze na alama kabisa: mabampa nawapa tisa kwa kumi, vitasa vya milango nawapa nne. Karakana yenyewe iko upande wa viwandani, si mbali na Barabara ya Nyerere. Jina naliacha, maana nina malalamiko huko chini.

Gari ni Peugeot 404, nalirudisha kwenye sura ya yale yaliyokimbia rali ya East African Safari. Wakubwa wanakumbuka: 404 ilichukua Safari mwaka 1963, halafu ikachukua tena 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania, na msoma ramani wake Chris Rothwell. Sasa mtu akuambie 404 ni mkweche wa kuuza kwa kilo! Wapo pia wanaosema gari la rali halina haja ya kumeremeta. Sawa, lakini mabampa haya yalitoka kiwandani na kromu, na yangu yalishapigwa na upepo wa bahari Msasani mpaka matundu ya kutu yanaingia ncha ya kalamu.

Kilichonishawishi kuchagua karakana hii si mapipa ya dawa ya kuchovyea kwa umeme. Karakana nyingine nilizopita, fundi anakimbilia kukuonesha mapipa na sampuli zinazong'aa mezani. Huyu mzee, fundi wa hapa, baada ya shikamoo, alinipeleka moja kwa moja kwenye mota ya kung'arishia, akapitisha ukucha juu ya bampa langu, ukakwama kwenye tundu. "Kromu haifichi kitu, kijana. Shimo ukiliacha hapa, utalikuta kule linang'aa."

Na ndivyo ilivyo. Watu wengi wanadhani kinachong'aa ni kromu. Kromu ya mapambo ni utando usiofika hata elfu moja ya milimita. Kazi yake ni kuilinda nikeli isififie na kuipa ule weupe wenye ubluu kidogo. Mng'ao wenyewe ni wa nikeli, chini ya nikeli kuna shaba, na chini ya shaba kuna jasho la mtu wa msasa. Mabampa yangu yalivuliwa kromu kuukuu, matundu yakazibwa kwa kuchomelea, fundi bati akayanyoosha, ndipo ikaanza msasa: namba 80, 120, 240, 400. Baada ya hapo gurudumu la katani, hii hii ya Tanga, na mwisho la kitambaa laini. Ndiyo maana bili ilivyokuja, sehemu kubwa ilikuwa ya kung'arisha, ya kuchovya ilikuwa ndogo. Atakayekutajia bei rahisi jua ameruka huko.

Baada ya nikeli mzee aliniita, akaliweka bampa chini ya taa ya tyubu. "Tazama mstari wa taa, usitazame bampa." Mstari ulienda umenyooka tangu pembe hii, ukafika katikati ukajikunja kidogo. Akalirudisha kwenye msasa mwenyewe bila mimi kusema neno.

La pili lililonifurahisha lilitokana na umeme. Ulikatika wakati bampa la nyuma limo kwenye nikeli. Nikeli ikikatiwa umeme katikati, uso wake unajifunga, na tabaka linalofuata halishiki vizuri. Unaweza ukaondoka na bampa zuri, miezi ikipita linabanduka maganda. Mzee angeweza kuwasha jenereta akaendelea, nisingejua. Alinipigia simu akasema linavuliwa, linaanza upya, na bei ni ile ile. Nilichelewa sana kwa ajili hiyo, na sina kinyongo.

Halafu nilimpelekea mikono ya stelingi na boliti za saspensheni, nikitaka zote zimeremete. Akazikataa. Chuma kigumu kikipitishwa kwenye tindikali na umeme hunywa haidrojeni, na baadaye kinaweza kukatika ghafla bila hata kupinda. Dawa yake ni kukioka mapema baada ya kuchovya, kwenye joto la nyuzi 200 hivi, kwa saa kadhaa, na yeye hana tanuri la hivyo. "Paka rangi nyeusi, uendeshe ufike." Fundi anayekataa pesa yako namna hii, shika namba yake.

Sasa vitasa. Hivi si chuma, ni aloi ya zinki, ile inayomiminwa kwenye kalibu. Zinki huliwa na dawa ya shaba yenye asidi, kwa hiyo lazima itangulie shaba ya aina nyingine, isiyo na asidi, ifunike kila kona. Kwenye mabampa alikuwa mzee mwenyewe. Vitasa walipewa vijana. Vilirudi vinang'aa, na kabla msimu wa mvua haujaisha vikaota malengelenge, kimoja kimebanduka pale pale kidole kinapogusa. Kuwarudishia ikawa maneno mengi: mara chuma chako kibovu, mara ulivioshea sabuni gani. Mwishowe walirudisha nusu ya hela.

Jambo jingine lililonikera: vijana wa kwenye beseni la kromu hawakuwa na barakoa wala glovu ndefu. Dawa ile, aina ya kromu yenye sumu iitwayo kromu sita, mvuke wake unajulikana kusababisha saratani ya mapafu. Niliuliza maji machafu yanaenda wapi, nikaoneshwa mapipa yamefungwa, afadhali hapo. Lakini barakoa ni bei gani jamani?

Ukipeleka bampa, kumbuka kromu haifiki vizuri kwenye mikunjo na upande wa ndani. Wangu nilioupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya kufunga bado uko safi. Steliwaya usiiguse, osha chumvi kwa maji ya kawaida na upake nta. Vitu vya chuma wapeleke bila wasiwasi, vya zinki tafuta kwingine au mng'ang'anie mzee avishike mwenyewe. Na hela ya mwisho usitoe mpaka umelitoa bampa nje ukaliangalia juani.