Uzi wa kushonea ngozi nene kwa mkono: ununue upi ukiwa Mwanza?

Makubazi yakifumuka, lawama huiangukia ngozi au fundi, wakati mara nyingi kilichokosewa ni uzi. Ngozi mbili zikilaliana na kufika unene wa milimita 4 au 5, uzi wa cherehani hauna kazi hapo, hata ukiukunja mara mbili.

Namba moja ni polista iliyopakwa nta, unene wa milimita 0.8 hadi 1. Hainyumbuki ovyo, haiozi kwa jasho, na jua haliichoshi upesi kama nailoni. Kwa mkanda wa begi linalobeba mzigo sioni mshindani wake. Anza kuiulizia kwa wauza soli na gundi ya viatu.

Namba mbili ni nailoni ya kushonea nyavu, na hapo sisi wa ukanda wa ziwa tumebarikiwa. Mtu wa Kirumba au Igombe hana haja ya kuagiza uzi mbali. Kwenye lebo utakuta 210D/12, 210D/18 na kadhalika. Hiyo 210 maana yake mita 9,000 za uzi mmoja mwembamba zina uzito wa gramu 210. Namba ya pili ni idadi ya nyuzi hizo zilizosokotwa pamoja, kwa hiyo ikipanda, uzi unanenepa. Usikisie unene: zungushia uzi kwenye kalamu mara 10, zibane, kisha pima kwa rula. Zikichukua sentimeta 1, uzi wako ni milimita 1.

Kasoro zake ni mbili. Unanyumbuka, hivyo vuta kila tundu kwa nguvu ileile. Tena unateleza: upitishe kwenye nta ya nyuki (ya Tabora ni nzuri sana, ya mshumaa hubanduka), rudi nyuma matundu matatu unapomaliza, halafu choma ncha kwa kiberiti cha gesi.

Kitani nakipa nafasi ya tatu kwa sababu tu ni adimu madukani. Kwa uimara na uzuri wa mshono kinastahili heshima. Pamba iwe ya nne, kwa pochi ya kukaa kabatini. Mshipi wa ndoana, ule mmoja mgumu unaong'aa, usinunue kabisa: fundo halishiki, na ukikazwa unakata ngozi.

Muuzaji akikwambia yote ni nailoni, omba kipande ukichome. Pamba huacha jivu na harufu ya karatasi. Nailoni na polista huyeyuka na kuwa kitone kigumu. Kati ya hizo mbili, inayonyumbuka zaidi ukiivuta ni nailoni.

Pesa ikibaki, nunua msharasi wenye ncha kali na sindano mbili butu. Msharasi ndio unaotoboa, sindano zinapitisha tu, moja kila upande kwenye tundu lilelile. Mshono wa namna hiyo, uzi ukikatika sehemu moja, kwingine kunabaki kumeshika. Wa cherehani hufumuka kwa urahisi zaidi.

Kuhusu kiasi, hesabu uzi mara 4 ya urefu wa mshono. Mkanda wa mita 1 ulioshonwa kingo zote mbili utakula kama mita 8.