Bakteria wa chupa kwenye tangi jipya la matumbawe: uzoefu wangu Kampala

Hapa Kampala ukitaka tangi la furu wa Ziwa Victoria, utapata wa kukuelekeza. La matumbawe utahangaika mwenyewe, na bahari iko Mombasa. Mawe niliyopata yalikuwa makavu, hayana kiumbe hata kimoja, ndiyo maana niliagiza One & Only ya DrTim's, chupa ya bakteria wanaogeuza amonia (sumu ya uchafu wa samaki) kuwa nitriti, kisha nitrati isiyo na madhara makubwa, ile ya maji ya chumvi (ya maji baridi ni nyingine, soma lebo).

Kazi inafanya. Nilitia amonia hadi kipimo kikasoma miligramu 2 kwa lita, nikazima skima (kifaa cha kutoa uchafu kwa povu) na taa ya UV inayoua vijidudu, nikamimina chupa nzima. Baada ya siku chache kichupa cha amonia, kilichokuwa kijani, kikarudi njano, yaani amonia imeisha, huku cha nitriti kikiwa zambarau iliyokolea, yaani nitriti ni nyingi. Zambarau hiyo ikagoma kuondoka. Wengi hukata tamaa hapo, kumbe bakteria wanaokula nitriti, akina Nitrospira, huchelewa kuliko wenzao wa amonia. Nami sikubadilisha kitu, nikaendelea kupima tu, mpaka kichupa cha nitriti kikawa samawati, yaani imeisha.

Ila usidhani tangi limekamilika. Mwani wa kahawia ulitanda mchanga wote, maana hakukuwa na wa kugombania nafasi nao. Kilichonisaidia ni vipande vya mawe kutoka tangi kongwe la rafiki yangu wa Entebbe: vilikuja na kopepodi (vijidudu mfano wa kamba wadogo sana), minyoo, sponji na madoa ya mwani wa waridi. Chupa ilinipa mafundi wawili, wa amonia na wa nitriti. Mawe yale yakaleta mtaa mzima. Wanaokushauri uagize mawe hai kutoka pwani, waulize vibali kwanza. Matumbawe magumu, ambayo ndiyo hufanya mawe hayo, yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini.

Umeme nao hukatika! Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, kwa hiyo pampu ya hewa ya betri si anasa. Maji ya bomba yana klorini inayowaua. Tumia yaliyochujwa kwa mashine ya RO, inayosukuma maji kwenye utando mwembamba sana.

Nyota nne. Moja naikata kwa gharama: usafiri ulizidi bei ya chupa, na msafirishaji akailaza ghalani kwenye joto. Mwenye jirani mwenye tangi kongwe aanze kumwomba kipande cha jiwe, ila akikague vizuri, aiptasia (anemone msumbufu anayezaana haraka) ikishaingia haitoki kirahisi.